Bangili Iliyotoka Jasho

Mageni alikuwa na ulimi mkali, na heri lisemwe mapema. Pale Geita, kando ya njia iliyokwenda mgodini, wanawake waliompelekea koroboi zinazovuja walijua watarudi na taa nzima na neno moja la kuwachoma hadi nyumbani. "Taa hii imeanguka, au ilirushwa ikamkosa mtu?" angeuliza, huku mkono wake ukipitisha lihamu juu ya ufa bila kutetemeka. Walicheka, wakanuna kidogo, kisha wiki nyingine wakarudi na taa nyingine. Kazi yake ilikuwa safi, na fundi mzuri husamehewa mengi.

Alizaliwa upande wa Shinyanga, kwenye mbuga za ng'ombe na pamba, akaletwa Geita na ndoa. Mumewe, Bartholomeo, kabla ya kumwoa alikuwa msaidizi katika chumba cha kuyeyushia dhahabu mgodini. Alipoacha kazi ya mgodi alijenga kibanda nyuma ya nyumba, akafinyanga tanuri la udongo, akarithi mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto iliyokuwa ya baba yake, akaanza kusubu bangili, yaani kuziunda kwa madini ya kuyeyushwa. Watu walizipenda. Hakukuwa na bibi harusi kati ya hapo na Katoro aliyekubali kutoka nje bila bangili ya Bartholomeo mkononi.

Mageni aliachiwa lihamu, kwa sababu lihamu huyeyushwa kwa kijiko kwenye moto wa jikoni. Kwenye mivukuto hakusogea. Wazee walisema mwanamke akigusa mivukuto madini yanakasirika. Mageni alijibu kwamba kama madini yana hasira, basi yamemrithi mama mkwe wake. Hata hivyo, mumewe alipokuwa hai, hakuigusa. Aliangalia tu, miaka yote ile, na kuangalia hakuna mwiko.

Mwaka 1961 homa ikamchukua Bartholomeo kwa siku chache. Matanga yalipoanuliwa, mdogo wake Maige akaja kutoka Buseresere, alikokuwa akifua majembe. Maige alikuwa mtu mzito wa maneno, mwenye haki kwa namna yake, na aliona aibu kwa alichojia. Alikunywa maji kwanza. Akamaliza. Akaomba mengine.

"Shemeji," akasema mwishowe, "mivukuto ya ukoo hailali katika nyumba ya mwanamke."

"Hailali? Basi na ikeshe," Mageni akamjibu. Kisha sauti yake ikabadilika, maana uchungu ulikuwa karibu. "Maige, ukiichukua nitabaki na nini? Kuziba koroboi mpaka nife? Hii kazi naijua. Nimeishika kwa macho tangu Philomena yuko tumboni, na sasa Philomena ana watoto wake. Usininyang'anye."

Maige akakuna kichwa. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba kabla ya kuugua Bartholomeo alimwahidi Ngassa kumtengenezea njuga. Ahadi ni deni, na ya marehemu hulipwa na nyumba yake. Huyu Ngassa alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, upande wa Wagika.

Hapo ndipo mambo yalipokolea. Katika Usukuma ile mtu alikuwa Mgika au Mgalu, na hata ndugu wa tumbo moja waliweza kutengana kwa hilo. Bartholomeo alikuwa Mgika. Maige alikuwa Mgalu wa kutupwa. Kila mwaka baada ya mavuno makundi hayo mawili yalicheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, hili upande huu, lile upande ule, wala hakukuwa na mwamuzi wa kuamua. Waamuzi walikuwa watazamaji. Walikohamia wengi, ndiko kulikokuwa na ushindi.

"Haya," Maige akasema. "Zisubu wewe hizo njuga. Zikilia siku ya mashindano, watu wakazisikia, mivukuto ni yako na sitatia neno tena. Zisipolia, nakuja na punda."

"Mlishe vizuri huyo punda," Mageni akasema, "maana atarudi hana mzigo."

Maneno hayo yalimtoka kwa urahisi. Usiku hakulala vizuri.

Kazi yenyewe aliijua. Unafinyanga kiini cha udongo chenye kipande cha chuma ndani yake, unakizungushia nta, unaifunika nta kwa udongo mwingine, unachoma. Nta inatoka, pengo linabaki, na pengo hilo unalijaza shaba iliyoyeyuka. Ikipoa unapasua udongo, nayo njuga inabaki na kile chuma cha kugonga kikicheza tumboni mwake. Mtu wa kupiga mivukuto hakumkosa: Ngassa mwenyewe alikuja, akavua shati, akakaa chini kama mwanafunzi. Alipiga mivukuto kwa mapigo ya bugobogobo, ngoma yao ya majembe, na kuimba juu yake, na tanuri likawaka vizuri kuliko siku zote. Mageni alimwambia kama ngoma itamshinda kuna kazi hapa.

Lakini Wagika hao walikuwa na desturi yao. Njuga za kundi hazisubiwi kwa shaba ya dukani. Kila nyumba ya wachezaji hutoa bangili moja, ya bibi, ya shangazi, ya mama aliyekufa, zote zikaingia chungu kimoja, ili siku ya ngoma miguu ya wachezaji ivae nyumba zote. Basi bangili zikaja, nyekundu na za njano, nyembamba na nene, na Mageni akazitia zote. Aliongeza na bati. Si bati la kuezekea nyumba. Ni lile madini meupe laini lililokuja kwa wachuuzi kutoka machimbo ya Karagwe. Bartholomeo alimfundisha kwamba shaba peke yake ni laini mno kwa njuga: vipimo tisa vya shaba, kimoja cha bati, ndipo inapata mfupa. Ukizidisha bati inaimba zaidi, lakini inapasuka mguu unapogonga ardhi.

Madini yalimiminika vizuri ajabu. Njuga zikatoka nzuri, laini, hazina tundu. Mageni akaosha moja, akaipangusa kwa kanga yake, akaitikisa.

Ko.

Akaitikisa tena. Ko, ko. Kama mtu anayegonga kibuyu chenye maji. Akachukua nyingine, na nyingine, na kila moja ikamjibu vivyo hivyo. Ngassa akasimama mikono imemning'inia.

"Wagalu wametuwahi," akasema taratibu. "Hii ni dawa, Mama Philomena. Wametupiga dawa."

Habari ilifika Buseresere kabla ya jua la pili kuzama. Wagika wote walisema ni dawa ya Wagalu. Wagalu, na Maige akiwa mmojawao, walisema si dawa, ni mkono wa mwanamke kwenye tanuri. Mageni akabaki katikati na rundo la njuga bubu. Ajabu ni kwamba njia ya kujiokoa ilikuwa wazi mbele yake: angesema tu "Ndiyo, ni dawa," angeonewa huruma na kila Mgika. Ngassa alikwisha kwenda kutafuta mganga wa kuizingua. Lakini Mageni alikuwa na tabia moja mbaya kwa mtu anayetaka amani. Hakuweza kulikubali jambo kabla ya kulivunja na kuangalia ndani.

Basi asubuhi akaweka njuga moja juu ya fuawe, akaipiga nyundo.

Shaba nzuri ikivunjika, ndani huwa na rangi moja. Hii ilikuwa na madoadoa ya kijivu. Alipopitisha kidole, kidole kikatoka na weusi kama wa penseli. Akakirusha kile kipande juu ya makaa, kwa nia ya kukiyeyusha upya, akageuka kuchukua mivukuto. Aliporudisha macho, hakuwa amepuliza hata mara moja. Makaa yalikuwa mekundu kidogo tu, na shaba kwa moto ule haiwezi hata kulainika. Lakini kipande kilikuwa kinatoka jasho. Vitone vidogo vyeupe, vinavyong'aa, vilichomoza kwenye shaba, vikakua, vikateleza, vikaanguka majivuni.

Mageni akachuchumaa. Akavikusanya vile vitone vilipopoa, akavigonga pamoja vikawa kipande chembamba, akakisogeza sikioni, akakikunja.

Kimya.

Hapo akajua. Mtu wa lihamu hushinda na madini mawili yanayofanana kwa sura, bati na risasi, na asiyeweza kuyatofautisha hana kazi. Bati ukilikunja karibu na sikio linalia, mlio mdogo wa kukwaruza, kama mtu anayetembea juu ya changarawe mbali. Risasi hukunjwa haisemi kitu. Hii ilikuwa risasi, tena si kidogo.

Akakaa pale pale juu ya gunia la mkaa, na maneno ya mumewe yakamjia, maneno ya zamani ambayo aliyasikia akiyadhani porojo za mgodini. Bartholomeo alimsimulia kwamba ule mche wa dhahabu unaotoka kwenye tanuri la mgodi una fedha ndani yake. Ukate juu, ukate chini, ukate katikati, kila kipande kina dhahabu na fedha kwa kipimo kile kile, na hakuna jicho litakalokuonyesha hapa ni hii, hapa ni ile.

"Kwani haviachani vikipoa?" Mageni alimuuliza siku ile.

"Haviachani. Vimeshakuwa kitu kimoja, kigumu hivyo hivyo."

Sasa alilielewa. Bati na shaba nazo ni za ukoo huo. Zikiyeyuka huingiana kama chumvi kwenye mchuzi, na ajabu yake ni kwamba hata mchuzi ukigeuka jiwe chumvi bado imo kila mahali, hujui iko wapi. Risasi sivyo. Risasi na shaba ni makande. Zimepikwa chungu kimoja, zimechemka pamoja, ukitazama chunguni unaona uji mmoja. Lakini zinapopoa, hili ni hindi na hili ni harage. Risasi imejitenga kimya kimya katika vijumba vyake vidogo. Sauti inakimbia ndani ya shaba, inafika kwenye kijumba laini cha risasi, inazama humo. Njuga gani italia hivyo?

Watoto wa shule siku hizi wanafundishwa neno aloi, wanaliandika ubaoni na kulisahau kabla ya likizo. Mageni hakuwa na neno hilo. Alikuwa na furaha iliyompanda mpaka akapiga vigelegele peke yake kibandani, na jirani akauliza kwa sauti ya juu nani amejifungua.

Furaha haikukaa. Risasi ile ilitoka wapi? Yeye hakutia. Ilikuja na bangili, na bangili nyingi kati ya zile zilisubiwa na mtu mmoja. Akaitazama ya kwake mwenyewe, ya njano, pana, aliyovishwa siku ya harusi. Hakuwa ameivua tangu siku ile. Aliitazama kwa muda mrefu, akaona uzito wa jambo. Akisema kweli, jina la mumewe litaingia vinywani mwa watu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Akinyamaza, atatia tena bangili zile zile, na punda atakuja.

Alilia kidogo. Kisha akatuma watu kumwita Ngassa, na wachezaji, na Maige pia.

Walikuja siku ya pili, wakajaa uwanja. Ngassa alikuwa amekwisha pata dawa ya mganga ndani ya pembe. Maige alisimama nyuma, mikono kifuani.

"Mwangaluka," Mageni akawaamkia, nao wakaitikia. "Ningi, hiyo pembe yako iweke, utaitumia kwa kitu kingine. Wagalu hawajatufanya lolote. Hawana akili hiyo." Watu wakacheka, Maige hakucheka. "Bangili zetu zina risasi. Risasi haioani na shaba. Zinakaa nyumba moja kama wapangaji, kila mmoja na jiko lake. Nitawaonyesha, na nitaanza na yangu."

Akaivua. Ilishuka kwa shida, kifundo kikawa na alama nyeupe mahali ilipokuwa. Akailaza juu ya makaa mbele ya macho ya wote, wala hakumruhusu mtu kugusa mivukuto. Walingoja. Kitone kikachomoza, kikang'aa, kikateleza. Kikafuata kingine. Mwanamke mmoja akasema, "Inatoka jasho!" na watu wakasogea mpaka wakamkanyaga Ngassa.

Kisha mtu fulani akauliza lile swali. "Hiyo si kazi ya Bartholomeo?"

"Ni kazi yake," Mageni akasema. Hakuinamisha kichwa. "Ni ya mume wangu. Aliisubu kwa mikono yake."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema basi walikuwa wanauziwa takataka miaka yote. Ndipo Maige akapenya katikati ya watu, akaja mbele, akaiinua ile bangili kwa koleo.

"Anayemwita kaka yangu tapeli aje aniambie mimi," akasema. Maige alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hadharani, na uso ulimtoka jasho kuliko bangili. "Alitia risasi, nilimwona. Shaba yenye risasi inamiminika vizuri, inafika kwenye nakshi ndogo, na tupa haikwami ukiisugua. Kwa bangili ni madini mazuri. Nani kati yenu aliwahi kutaka bangili ilie? Bangili inavaliwa ing'ae. Amewahi kurudi mtu na bangili ya Bartholomeo imevunjika?"

Hakuna aliyewahi kurudi. Maige akamrudishia Mageni bangili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wakatazamana kama ndugu.

"Wabeja, shemeji," Mageni akamshukuru polepole.

"Punda bado anakula," Maige akajibu. Mgalu ni Mgalu.

Zilizobaki ni siku za kazi. Nyumba zikatoa bangili kwa mara ya pili, nyingine kwa manung'uniko, na kila moja ikalazwa kwenye makaa kwanza. Iliyotoka jasho ilirudi kwa mwenyewe. Isiyotoka iliingia chunguni. Mama yake Ngassa, kikongwe asiyeona vizuri, alileta ya shaba nyekundu aliyoachiwa na nyanya yake, akakaa kuiangalia motoni huku akishika mkono wa mwanawe. Ilikaa kavu. Kikongwe akasema alijua tangu zamani kwamba nyanya yake hakuwa mtu wa kuchanganya mambo. Na zile njuga bubu Mageni hakuzitupa. Alizigeuza bangili, kila nyumba ikapata moja badala ya ile iliyotoa kwanza, nazo zilimiminika vizuri kama Maige alivyosema.

Alipopasua udongo wa njuga mpya Ngassa alikuwa amefumba macho. Mageni akaitikisa ya kwanza. Mlio ukatoka mwembamba, mkali, ukavuka ua, na mbwa wa jirani akaanza kubweka. Ngassa alifumbua macho, akamnyanyua Mageni juu, akamtua haraka alipokumbuka ni mjane na watu wanatazama.

Siku ya mashindano Wagalu walifika na fisi. Fisi mzima, amefungwa kamba na kuvishwa kitambaa chekundu, na mchezaji wao mkuu akimlisha nyama kwa mdomo wake mwenyewe. Nani asingekwenda kutazama? Uwanja wote uliinama upande ule. Wagika walibaki na wake zao, mama zao, na mlevi mmoja aliyelala. Mageni alisimama nyuma ya ngoma kubwa. Upande wa pili aliweza kumwona Maige, mrefu kuliko wenzake, kamba ya punda mkononi. Kweli alikuja naye.

Ngassa hakuharakisha. Aliwapanga watu wake safu mbili, majembe begani, njuga miguuni. Akaimba mstari mmoja peke yake. Kisha akainua mguu, na safu nzima ikainua, na yote ikashuka mara moja.

Sauti ile ilipita juu ya ngoma za Wagalu kama hazikuwapo. Walio karibu waligeuza shingo. Safu ikagonga tena, na tena, na bangili za mabibi wa nyumba zote zikaimba kwa sauti moja ambayo hakuna bibi hata mmoja aliyewahi kuwa nayo peke yake. Watoto ndio waliokimbia kwanza. Kisha wanawake, kisha vijana wa mgodini waliokuja na viatu vyao vizito, kisha wazee waliojifanya wanatafuta kivuli. Vumbi likapanda. Yule fisi, akiona hakuna anayemtazama, alikaa chini akaanza kujikuna.

Mageni alikuwa akilia na kucheka bila kujua kipi kilianza. Alipofuta macho alimwona Maige katikati ya uwanja mtupu, akivuta kamba. Punda alikuwa amegeuzia masikio upande wa njuga na hakutaka kwenda kwingine. Maige alivuta, akatukana, akavuta tena, mwisho akaachilia kamba na kumfuata punda wake mpaka kwa Wagika, huku watu wakishangilia kama wameona harusi.

"Ni punda aliyehama," akamwambia Mageni alipofika, anahema. "Mimi bado ni Mgalu."

"Nimeona, shemeji. Amekuja hana mzigo, kama nilivyosema."

"Hatarudi." Maige alikuwa akitazama miguu ya wachezaji, si uso wa Mageni. "Nitamwacha kwako. Anayesubu namna hii anahitaji mnyama wa kubeba mkaa."

Mageni alitaka kumjibu, maana jibu zuri alikuwa nalo. Kwa mara moja katika maisha yake alilimeza. Aliokota kamba, akaizungusha kwenye mkono wenye ile bangili ya harusi, ambayo sasa ilikuwa na vitundu vidogo mahali risasi ilipotoka. Wachezaji walipompitia wakigonga, kila kitu pale kililia isipokuwa hiyo. Akaifunika kwa kiganja, akaishikilia hivyo mpaka ngoma ikaisha.